Mama mkwe kaitunza filamu

Jamani, leo siwezi kukaa kitako.

Mchana mimi na mume wangu tulimpeleka mama yake, mgeni wetu kutoka Unguja, kwenye ukumbi hapa mtaani kwetu Saltley, huku ughaibuni. Walikuwa wanaonyesha filamu ya zamani ya opereta, mchezo wa kuimba, ya kuchekesha.

Mke mmoja kwenye filamu akaanza kuimba. Nikamtafsiria mama mkwe: "Anamsema mumewe, ana mwanamke nje."

Mama akainuka! Noti mkononi, anacheza mdogo mdogo mpaka mbele, akaiweka chini ya skrini.

Wazungu wakakodoa macho. Mimi hoi kwa kicheko.

Lakini kwetu kwenye taarab, anayemtunza mwimbaji pesa humtazama anayemkusudia kwa maneno ya wimbo. Nikageuka nione anamtazama nani.

Mwanawe.

Naye kainamia viatu vyake.

Sasa mama yuko jikoni, anakaanga vitumbua.

Wenzangu, nianze kumuuliza nani?