Chuma ya Muguu Ilikuja na Alama

Binti yangu njo alianza kuiona. Ilikuwa asubuhi, jua inaingia mu dirisha ya hospitali, enfirmye ametoka kubadilisha bandeji, na mutoto alikuwa anaangalia muguu yake sawa mutu anaangalia kitu ya jirani.

"Mama," akasema, "huku kuko alama ya mutu."

Moto, ile pikipiki, ilikuwa imemuangusha ku barabara ya Lac Vert, akitoka masomo. Mufupa ya muundi ilivunjika na kupasua ngozi mpaka ikatokea inje. Kidonda wazi sawa ile haifunikwe na plasta, njo wanganga wakamutia fiksatere. Kwa mwenye hajaiona: ni misumari mirefu inapita mu nyama mpaka mu mufupa, vichwa vyake vinabakia inje, na huko inje kuko fimbo ya chuma inaishika yote pamoja, ili mufupa isitikisike mpaka iungane. Mutoto analala na chuma, anakula na chuma, unamufunika na kitenge, chuma inainua kitenge sawa hema ndogo.

Miye nilijifunza kusoma nikiwa tayari na watoto, mu masomo ya mangaribi ya paroisse, parokia yetu, na tangu pale nasomaka kila kitu: mifuko ya simenti, karatasi za dawa, maandiko ya nyuma ya mataksi. Nilikuwa nimesoma ile chuma pia, namba zake ndogo za fabriki. Lakini pale mutoto alipoonyesha na kidole, chini, karibu na kisigino, sikukuwa nimefika. Kulikuwa mukwaruzo: musalaba, na pembeni yake mistari mbili imelala. Hakuna mama wa huku mwenye hajui ile ni nini. Tunakwaruzaka vile chini ya sufuria zetu, juu tukiziazimisha ku kilio ao ku ndoa, zirudi kwa mwenyewe.

Nilimuuliza enfirmye, naye hakuficha. Alisema chuma za hospitali ni kidogo na miguu ni mingi. Mutu akipona wanaitoa, wanaichemusha, wanaitia kwa mwingine. Misumari inabadilishwa, fimbo njo inazunguka. Chuma haina kabila, akasema, akacheka, akaenda na sahani yake.

Binti yangu aliniuliza kama ule mwenye alikuwa nayo mbele yake alipona. Nikamuambia sijui, Mungu anajua. Alivuta kitenge, akafunika ile upande ya alama.

Kila asubuhi nilimusafisha miye mwenyewe. Maji imechemuka, imepoa, chumvi kidogo, kitambaa safi, tundu kwa tundu, mahali musumari inaingia mu ngozi. Kila tundu Salamu Maria moja. Siku za kwanza alikuwa analia, miye nasali na sauti kubwa ili nisimusikie. Kisha akazoea. Bibi muzee wa kitanda ya pembeni, mwenye alivunjika kiuno akichota maji, alikuwa anaitika "Amina" hata mahali haiko ya kuitika.

Njo siku moja akaingia mama moja tusiyemujua.

Alikuwa amebeba sufuria imefungwa mu kitambaa. Wageni wa hospitali wanaangaliaka nyuso, wanatafuta mutu wao. Yeye aliangalia miguu. Alipita kitanda kwa kitanda, polepole, anainama kidogo, anaendelea. Alipofika kwetu akasimama. Hakusema hodi. Alinyoosha mukono, akapitisha kidole chini ya ile fimbo, macho iko ku ukuta, na kidole ikafika ku alama bila kutafuta. Pale njo akakaa ku sakafu, sawa mutu mwenye kufika.

Nilitaka kumufukuza. Lakini alifungua sufuria, akatutilia uji ya masaka, mutama ya huku, na alipoigeuza ili kuipangusa nikaona chini yake: musalaba, na mistari mbili imelala.

Alituelezea mwenyewe. Alitoka muji ya Kiwanja, alikuwa anakaa kwa ndugu yake huku Goma. Mwana wake wa kwanza aliangukaka kutoka juu ya lori ya viazi, wakamutia ile chuma mu hospitali hii, upande wa wanaume. Yeye akaikwaruza alama, juu mu hospitali vitu vinapoteaka, na alifikiri wakiitoa watarudi nayo ku nyumba sawa sufuria. Kijana alipona. Chuma ilitolewa, akarudi Kiwanja muzima, na kushuka mu gari ni yeye alibebea mama yake muzigo. Kisha mwezi ya mavuno alienda kuangalia maharagi ku shamba. Hakurudi. Hawakuona maiti, hawakuona hata kiatu. Mwenye kusema alimuona Uganda, mwenye kusema usimutafute tena.

Jamaa ya bwana yake walitaka kukaa kilio bila maiti, mambo iishe. Yeye akakataa. Na ku paroisse, kila akienda kuomba misa, wanamuuliza kama ni kwa mwenye uzima ao kwa marehemu, anarudi bila misa.

"Sijui nimutie upande gani," akasema. Kisha akageukia binti yangu. "Mwana, leo inauma?"

"Inauma, mama."

Alifunga macho. "Asante," akasema.

Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Kila mara uji, kila mara ile ulizo. Kama mutoto anasema inauma, uso yake inafunguka. Kama anasema vidole vya muguu viko baridi, anavifunika na mikono yake yote mbili na kusema: mwana wangu iko mahali ya baridi, kumbe ni ku milima. Nilimuuliza ni nini anafanya. Alinijibu bila haya, sawa mutu anaeleza njia ya soko: ile chuma ilikunywa damu ya mwana wake mbele ya damu ya wangu, haiwezi kumusahau. Kama muguu inasikia kitu, mwenyewe bado anasikia kitu.

Miye ni mukristu. Nilijua ile si njia. Lakini alikuwa mama, na kumunyima kiti ku kitanda ya mugonjwa, sikuweza. Nilimuambia tusali rozari pamoja. Alisali vizuri, kuliko miye. Akimaliza anauliza: leo inauma?

Bibi muzee alituchekesha. "Ile muguu iko na wageni kuliko miye mwenye," akasema. "Miye nimezaa, nimeozesha watoto, na hakuna mwenye kuniuliza kama kiuno inauma. Mama wa Kiwanja, uje unikwaruze na miye alama, pengine watanikumbuka."

Hata ule mama alicheka. Lakini mutoto wangu alikuwa ameacha kucheka. Alianza kulala sana muchana, na akiamuka anaelezea ndoto. Kuko njia ndogo, kuko mutaro, kuko miti mbili imelazwa juu ya maji, moja imeoza katikati, unapaswa kupitia ile ingine. Ng'ambo kuko mikaratusi imekatwa, na mutu anasimama pale, anapangusa tope ku muguu, haangalii nyuma. Mutoto wangu hajafika Kiwanja hata siku moja. Ule mama aliposikia aliweka kikombe chini. Ile ni njia ya shamba yetu, akasema.

Nilijituliza: alikuwa anaongea mingi pembeni ya kitanda, na mutoto analala, masikio haina mulango. Nilijiambia vile. Lakini asubuhi nikisafisha ile chuma, na Salamu Maria mu kinywa, nilikuwa naanza upande wa goti, na nikifika upande wa alama naisafisha bila kuiangalia.

Munganga alikuja na radio ya muguu, ile picha ya mufupa, akaiinua ku dirisha. Mufupa imeungana, akasema. Sasa mutoto aanze kukanyaga chini, kidogo kidogo, kisha watoe chuma. Mufupa yenye haikanyagi inalegea, na chuma ikipita wakati wake inaozesha matundu, ubaya inaingia mu mufupa, na pale ni kukata. Alisema ile neno polepole ili nielewe, na nilielewa.

Wakamusimamisha na fimbo za kwapani. Akagusa sakafu na kidole, akalia kwa sauti, wakamurudisha ku kitanda. Kesho vilevile. Munganga akaangalia tena radio, akakunja uso, akasema haoni sababu. Tundu moja, ya chini, ilikuwa imeanza kuwa nyekundu na kutoa maji.

Miye ni mwenye kumusafisha. Asubuhi moja, alikuwa anasimulia na bibi muzee habari za wimbo wa masomo, nikakaza kidole juu ya mufupa, pale ilivunjikaka. Aliendelea kusimulia. Nikakaza tena, na nguvu. Hata jicho haikutikisika. Kisha ule mama akaonekana ku mulango na sufuria yake, na uso ya mutoto wangu ikabadilika, akashika muguu, akauma mudomo.

Nilingoja ule mama aende kuosha vyombo. Nikauliza mutoto polepole. Alianza kulia kilio ya kweli, ile haina sauti.

"Haiumi, mama. Haiumi tangu siku mingi. Lakini nikisema haiumi, ni miye nitakuwa nimemuua mwana wake."

Nikamuambia hakuna mutu anakufa juu ya neno ya mutoto. Akanijibu, "Na ukiwa hujui?" Akaniomba niambie munganga waache chuma bado kidogo.

Nilienda ku mahali wamama wanafulia, nyuma ya jiko. Ule mama alikuwa anakamua kitenge changu, juu alikuwa ameanza kutufulia hata nguo. Sikuzunguka.

"Dada, mutoto wangu hatembei juu yako."

"Sikumukataza kutembea."

"Unamuuliza kila siku kama inauma. Sasa anaogopa kupona. Tundu imeanza kuoza. Munganga ametaja kukata."

Aliendelea kukamua, hata kisha maji kuisha mu kile kitenge. Nilimuambia maumivu ya mutoto wangu ni ya mutoto wangu peke, haiko barua ya mutu mwingine, na kama anataka kubaki na sisi abaki, lakini ile ulizo iishe.

"Watoe," akasema mwishoni. "Lakini niwe pale. Nimuulize mara moja tena, akiwa amesimama. Na unihakikishie atasema kweli."

Nilimuhakikishia. Nikarudi kwa mutoto, nikamuambia vile tulipatana. Aligeukia ukuta mpaka mangaribi. Kisha akasema ndiyo.

Nilikuwa nafikiria kutoa chuma ni kazi ya mashini. Enfirmye alikuja na ufunguo, sawa ya fundi wa moto, akalegeza, akavuta. Fimbo ilianguka mu beseni na sauti moja. Ule mama hakuangalia mutoto, aliangalia beseni. Misumari ilitoka mumoja mumoja, inazungushwa, na matundu ikabakia wazi mu ngozi sawa vinywa vidogo. Wakafunga bandeji. Mutoto akashuka ku kitanda, akaweka muguu ku sakafu, yote, na kisigino.

Wagonjwa wote waliinua vichwa. Hata bibi muzee.

"Mwana," ule mama akauliza, "inauma?"

Mutoto aliniangalia.

"Haiumi, mama."

Ule mama aliinamisha kichwa mara moja. "Basi tutakaa kilio," akasema. Akatia mukono chini ya kwapa ya binti yangu, akatembea naye mpaka ku mulango na kurudi, anamuonyesha namna ya kuweka kisigino mbele ya vidole, vile alionyeshaka mwana wake. Kisha akachukua namba yangu ya simu na sufuria yake, akaenda Kiwanja. Wakati tulikuwa tunafunga mizigo yetu ya kurudi nyumbani, ku upande wa wanaume enfirmye alikuwa anatia ile fimbo ku muguu ya mutu mwingine. Sikwenda kumuangalia.

Mutoto alianza kutembea na fimbo za kwapani, kisha na moja, kisha bila kitu. Matundu ilifungika, ikabakia alama ndogo nyeusi. Alirudi ku masomo. Nilitoa shukrani ku paroisse, mbele ya mashirika yote, na wamama waliimba.

Kisha ikafika asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa nachagua muchele ku mulango. Simu ikalia, ni ule mama. Nilisikia nyuma yake watu wengi, vyombo, mutu anapasula kuni. Hakunisalimia.

"Leo muguu inamuuma," akasema. Hakuuliza; alisema vile.

Niligeuka. Binti yangu alikuwa amekaa ku kitanda, amekunja nguo ya masomo mpaka ku goti, anasugua muundi na mikono yote mbili. Hakukuwa ameniambia kitu.

Niliangalia muguu, niliangalia mvua. Ule mama alikuwa anangoja, na nilijua wale watu nyuma yake ni watu wa kilio ya mwana wake. Sisemaki uongo. Sikusema siku ile pia.

"Inamuuma," nikasema. "Lakini sikiliza, dada, munganga alituambia: mufupa yenye ilivunjika inasikiaka baridi na mvua. Ni ya kawaida kwa kila mutu."

Nilisema yote mbili. Yeye alisikia ya kwanza. Niliposema ya pili simu ilikuwa imetoka ku sikio yake tayari, na sauti yake ilikuwa mbali, anaambia watu kwa Kinyarwanda watoe masufuria ku moto, waende kwao, hakuna kilio hapa.

Nikaweka simu mu mufuko. Mutoto akauliza ni nani. Nikamuambia, na nikamuambia vile nilijibu, na maneno ya munganga juu ya baridi na mvua.

Alishusha nguo, akasimama, akatembea mpaka ku mulango bila kuchechemea. Alisimama pale na kuangalia maji inashuka ku mawe nyeusi ya mbele ya nyumba yetu.

"Mama," akasema, "ilianza kuuma jana, jua ikiwa bado inawaka."