Neno "Mama" Lilivyonivurugia Posa

Mpaka leo nikialikwa Dundori masikio yananiwaka kwa aibu, na msicheke kabla sijamaliza, maana kosa lenyewe lilikuwa kufungua mdomo tu.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, na kukusanya wazee wanywe pombe ya posa kulitaka ruhusa ya chifu, ambayo baba mdogo aliihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha, ndipo tukapanda Dundori kwa kina Wambui, msichana niliyetaka kumuoa kuliko kitu chochote duniani. Njiani nilionywa: anayeoa hasemi, anasemewa. Rahisi, au sivyo?

Sasa, mzee Kamau, mjomba wa Wambui (sisi Wakikuyu mjomba tunamwita mama, na siku ya posa huyo ndiye wa kuogopwa), alipoonja pombe akaanza majivuno. "Hata Wahindi wa Nakuru wametuibia neno letu. Mjomba wao pia wanamwita mama!"

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima vitambaa katika duka la Mhindi pale Nakuru, na mwenye duka alishanieleza kwamba neno hilo walitoka nalo kwao. Ningenyamaza ningekufa? Nikasema, "Hapana mzee, hawajaiba. Hata Wakipsigis mjomba ni mama, na Waswahili mama ni mzazi wa kike. Kila watu wana lao."

Baba mdogo akanikanyaga mguu, nami, badala ya kushika adabu, nikadhani wazee hawajaelewa, nikaanza upya, polepole, nikiwahesabia makabila kwa vidole (jamani, kwa vidole!).

"Huyu anayeongea ni nani?" mzee Kamau akamuuliza baba mdogo. "Kama kijana amejileta mwenyewe, wewe umekuja kufanya nini hapa?"

Baba mdogo akachukua kofia yake akatoka. Pombe ikafunikwa, na Wambui, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya irio, akanitazama, akageuka, akairudisha jikoni. Nilishuka Nakuru kwa miguu, na njaa yangu.

Tulirudi baada ya mavuno ya viazi, na mbuzi wa faini, na ruhusa nyingine, na baba mdogo aliyebembelezwa na ukoo mzima. Mzee Kamau akarudia kwamba Wahindi wametuibia neno, safari hii akawaongeza na Wakipsigis, akinitazama usoni. Nikavificha vidole mfukoni. Nimeapa, neno litoke China au litoke mbinguni, si shauri langu.

Wambui akaja na birika, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikamgeukia baba mdogo anijibie.