Bertilla na Kanu wa Mwazye

Mwaka ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, Bertilla wa Mwazye alivuna nusu ya mahindi aliyozoea. Hakukaa kulia. Aliuza mbuzi wake, akanunua mitetea ishirini. Tangu biashara ya nafaka iachiwe watu binafsi, malori yalikuwa yakipita Kasesya kila siku, na Edith, mama aliyewapikia madereva pale mpakani, alikuwa ameahidi kuchukua mayai yote atakayopelekewa.

Wiki ya tatu kuku watano walikuwa wameshaliwa. Mumewe, Evaristi, alisema ni nguchiro. Basi wakalivunja banda, wakalijenga upya juu ya nguzo nne ndefu kuliko mtu. Siku mbili baadaye Bertilla alikuta manyoya tena.

"Tutege sumu kwenye nyama," Evaristi alisema.

"Mbwa wa majirani watakufa wote. Ngoja kwanza nimjue ni nani."

Jioni alimwaga majivu kuzunguka nguzo. Asubuhi alikuta nyayo ndogo za mviringo, kama za paka, zimekwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo na kuishia hapo. Juu ya nguzo kulikuwa na mikwaruzo ya kucha.

"Kanu," alisema. "Yule mnyama wa usiku mwenye madoa, mfano wa paka." "Anatembea chini kama mbwa, na kupanda anapanda. Sisi tulimjengea ngazi."

Alikata madebe ya mafuta, akayazungushia kila nguzo ili kucha ziteleze. Wiki mbili kukawa kimya. Kisha akaliwa mtetea aliyekuwa akitaga kuliko wote, na majivu, aliyoyamwaga upya kila jioni, hayakuwa na alama hata moja.

Siku hiyo Bertilla hakula. Alisimama uani akitazama madebe, paa, halafu tawi la mparachichi lililopita juu ya banda. Mti ule ulikuwa wa mama mkwe wake, Redempta, aliyeupanda mwaka Evaristi alipozaliwa. Hakuna aliyewahi kuugusa kwa panga.

Alikwenda kumpigia magoti.

"Shikamoo mama. Naomba tawi moja."

"Marahaba. Mti wangu hauli kuku, Bertilla."

"Nikikuletea ushahidi, mama?"

"Ulete."

Bertilla aliingia ndani, akavaa suruali ya mumewe, akajifunga kitenge juu yake, akaanza kuparamia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwa amepanda mti tangu utotoni. Redempta alishika kichwa.

"Evaristi! Njoo umwone mkeo! Mkwe anapanda mti mbele yangu!"

"Mama Flavian, shuka, utavunjika!" Evaristi alipiga kelele akija mbio.

"Simama chini hapo, usinisemeshe," alijibu. Gome lilimchuna mikono. Alijivuta hadi kwenye tawi lile, akalala kifudifudi juu yake. Kwenye panda alikuta manyoya ya kuku yamenasa, mguu mkavu wa mtetea, na kinyesi. Alivitia vyote kwenye fundo la kitenge, akashuka polepole, akaviweka miguuni pa mama mkwe.

Redempta aliinama, akavitazama kimoja kimoja. Kisha akainuka, akaingia nyumbani kwake, akatoka na msumeno wa marehemu mumewe.

"Likate karibu na shina," alimwambia mwanawe, "usiniachie kisiki kibaya."

Tawi lilianguka mchana ule. Tangu hapo kuku hawakuguswa, ingawa nyayo za kanu ziliendelea kuonekana huku na huko, hasa karibu na kihenge cha mahindi, ambako panya walipungua.

Kufikia Pasaka Bertilla alikuwa akipeleka trei mbili Kasesya kila wiki. Redempta ndiye aliyeyapanga mayai, akilikagua kila moja kwenye mwanga wa mlango, na lenye ufa alilitenga bila kumwuliza mtu.