Ukanda wa Majani Kati ya Mitaa Miwili

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu ya wino, wembe na kiti kirefu kisicho na mgongo. Wembe ulikuwa wa kukwangulia makosa. Ninyi wajukuu mnaochora kwa kompyuta mnafuta kwa kidole. Sisi tuliukwangua mstari taratibu, na ukikwangua kwa hasira karatasi inatoboka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu si za kujisifia, ila kuchora nyumba nilikupenda tangu utotoni.

Basi nikawa mchoraji ramani wa mipango miji hapa Dodoma. Mitaa ya msongamano mdogo, yaani viwanja vikubwa na watu wachache, tuliipaka kahawia mpauko. Ile ya msongamano mkubwa, viwanja vidogo na watu tele, kahawia iliyokoza. Siku moja nikamtania Ofisa Mipango Mkuu, "Mzee, mbona hizi rangi kama zinatujua?"

Hakucheka. Alitandaza ramani ya enzi za ukoloni. Penye msongamano mdogo paliandikwa makazi ya Wazungu, pa kati Wahindi, pa mkubwa wenyeji. Kabla ya kufika kwa wenyeji palikuwa na ukanda mtupu wa majani.

"Huu wa nini?"

"Kututenga. Walisema ni mambo ya afya, mbu wetu wasiwafikie." Akaikunja polepole. "Majina tulibadilisha, binti yangu. Mistari hatukuigusa."

Nilihamishiwa Kondoa, nikarudi Dodoma, wakuu wakabadilika. Wa mwisho alikuwa mwanamke kijana tuliyemwita Madamu. Serikali ilikuwa imeshahamia huku na kodi za vyumba zimepanda, ndipo zikaja fedha za kujenga nyumba za bei nafuu. Wengi ofisini walitaka zijengwe Zuzu, mbali nje ya mji kwenye stesheni ya treni, ambako ardhi ni tele.

Aliyeninyima raha ni Bi Zuhura, Mrangi wa Kondoa, mpangaji wa mtaa wa Kikuyu hapa mjini. Alituuzia vitumbua nje ya ofisi, na mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ya kuhama.

"Zuzu vitumbua nitamuuzia nani, mwanangu?" aliniuliza. "Treni?"

Nikaenda kwa Madamu kumweleza kuhusu ule ukanda wa majani, uliokuwa bado mtupu, kwamba nyumba zijengwe pale.

"Naujua, mama," alisema. "Na moyo wangu uko pale. Ila ni mwembamba, lazima tujenge ghorofa, na ghorofa inakula hela. Zuzu nitapata nyumba nyingi, hapa chache. Wale watakaokosa utawaambia nini?"

Hata hivyo aliitisha mkutano wa wakazi wa pande zote mbili za ukanda. Kwenye nyumba kubwa Wazungu walishaondoka zamani. Aliyesimama kupinga alikuwa mtu mweusi kama mimi, mpole, suti safi.

"Hatumbagui mtu," alisema. "Tunaomba tu pabaki na kijani. Watoto wapate hewa."

Bi Zuhura akanyanyuka na kanga yake. "Baba, vitumbua vyangu unavila kila asubuhi. Vyenyewe vinavuka hayo majani havisumbui mtu. Mimi niliyevipika ndiye nitakayeharibu hewa?"

Ukumbi ukacheka, na yule bwana akacheka pia, ingawa kura ilipopigwa mkono hakuunyoosha. Kujenga kwenye ukanda kulipita kwa tofauti ya kura chache.

Nilichora jengo lile kwa mkono wangu, kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Wapangaji walipatikana kwa bahati nasibu, maana waombaji walizidi vyumba. Bi Zuhura alipata cha chini. Jirani yake wa Kikuyu, mama wa watoto watatu, alikosa, kodi ikamsukuma nje ya mji, na sasa anaamka gizani kuja mjini kufua nguo za watu. Nikikutana naye namwamkia, kisha maneno yananiishia. Mkipanga mji, wanangu, msiulize tu nyumba ni ngapi. Ulizeni anayelala humo ataamka saa ngapi.

Juzi asubuhi nilimfuata Bi Zuhura kwake kununua vitumbua. Jua lilikuwa limeshapanda, na mlango umefungwa. Jirani akachungulia.

"Bado amelala, bibi. Tangu ahamie hapa amekuwa mvivu huyo. Nimgongee?"

"Mwache," nikamwambia, nikakaa kibarazani kusubiri.