Kreni Nne Nilizozifuta

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tatu usiku, ndege yetu ikishuka kuelekea Mombasa, mavyaa wangu aliponishika mkono. Yeye, mama wa mke wangu, ndiye aliyekaa dirishani, upande wa kulia.

"Nne nyekundu," akasema. "Zote nne."

Niliinama nikachungulia. Nilizijua papo hapo taa zile ni za nini, lakini kabla sijafungua kinywa alikwisha kuanza kutoa shahada kwa sauti ya mtu anayekufa.

Yapasa nieleze jinsi mwanamke wa umri wake, ambaye hakuwahi kupanda ndege kabla ya safari ile, alivyojifunza kuhesabu taa.

Mchana mimi ni karani wa ghala Shimanzi. Jioni, kwa miaka kadhaa sasa, nimekuwa nikitengeneza mandhari ya uwanja wetu wa ndege kwa ajili ya programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege. Sikusomea urubani wala uhandisi. Nilichokijua nilikitoa vitabuni peke yangu. Mandhari iliyokuja na programu ilikuwa ya ovyo. Taa zinazomwongoza rubani anapoikaribia njia ya kutua zilipandwa kama miti ya porini. Nilizing'oa zote nikazipanga upya, taa kwa taa, kwa vipimo. Watu wa nchi za mbali waliitumia kazi yangu na kuisifu kwa usahihi wake, nami sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyokubali.

Taa nilizojivunia zaidi ni nne za safu moja, kando ya njia ya kutua. Rubani akiziona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa. Akiziona zote nyekundu, ameshuka mno. Lakini upande wa bandari kulikuwa na kreni nne zilizosimama sambamba, kila moja na taa nyekundu ya tahadhari kileleni. Usiku zilishindana na taa zangu, na kompyuta yangu, ambayo si mpya, ilikwama kila zilipotokea. Nikazifuta. Kreni zenyewe naziona kila asubuhi juu ya mapaa ya maghala nikienda kazini.

Mavyaa alikuwa ameweka akiba kwa kushona kofia ili aende Umra. Pesa zilipotimia, alizipeleka kwa wakala, kisha akaanza kuiogopa ndege. Mke wangu akaniomba nimzoeshe kwa ile programu. Basi akawa anakuja baada ya Magharibi, anavuta kiti karibu yangu, nasi tunatua.

"Haya rubani, tushushe."

"Taa zikoje, mama?"

"Mbili nyeupe, mbili nyekundu. Tu salama."

Nikiiacha ndege izame kidogo, alinipiga begani. "Zote nyekundu! Inua! Utaniua nawe, na wali sijaupakua!"

Alikuwa mwanafunzi hodari, nami sikuwahi kuwa na mwanafunzi. Ndiyo maana sikumwambia kwamba abiria wa dirishani hawezi kuziona taa zile, kwa kuwa ziko mbele. Jioni moja aliniuliza, "Na nyekundu nyingine nne za safu hakuna huko?"

"Hakuna, mama. Ziko hizi tu."

Nilijibu upesi, kama mtu aliyeguswa kazi yake.

Tukaamua afanye safari ya kujaribu, kwenda Nairobi kwa mwanawe na kurudi, nami nikamsindikiza. Kwenda tulikwenda mchana, akatulia kabisa. Tuliporudi ndipo alipoziona kreni.

Bibi wa kiti cha nyuma aliisikia shahada akaipokea, kisha safu nzima. Mtoto akaanza kulia. Mhudumu alisema tuko salama, wala hakuna aliyemsikia. Magurudumu yakagusa chini taratibu kabisa, na kijana mmoja akapaza sauti, "Bibi, leo umetusilimisha sote, hata mimi mwana wa mchungaji!" Ndege nzima ikacheka. Mavyaa aliuvuta mtandio usoni, akabaki hivyo mpaka tulipotoka nje.

Ndani ya teksi nikamwambia, "Zile ni kreni za bandari, mama. Ni taa za tahadhari."

"Zimejengwa leo?"

"La."

"Nilikuuliza," akasema.

Siku ya pili kisa kilikuwa kimefika Makadara, mtaa wa jirani. Barazani, baada ya sala ya Alasiri, walinipokea kwa vicheko. "Mavyaa wako kaiteremsha ndege kwa shahada! Rubani wa kazi gani tena?" Mimi ndiye mtu wa kumsahihisha kila anayekosea jina la meli au bei ya mwaka jana. Siku ile ingetosha sentensi moja: nilizifuta mimi. Nilicheka nao tu.

Mavyaa alikuwa ameshasema haendi Umra. Nilizirudisha kreni mahali pake, nikamwita. "Njoo uzione, mama. Sasa ni kama zilivyo."

Alisimama mlangoni, hakuingia. "Wewe waweza kuzitia na kuzitoa," akasema. "Mimi nitajuaje siku hiyo umetoa nini?"

Nilizima kompyuta.

Wiki iliyofuata nilikwenda Makadara kuifuta safari. Wakala ni Mhindi wa hapa hapa, ambaye babu yake alikuwa akiuza vitambaa katika duka lile lile. Tuliamkiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikamweleza shida yangu.

"Ni yule bibi wa shahada?" akacheka. "Basi tuandike sababu ni hofu."

"Usiandike hofu. Alifunzwa vibaya. Nilimfunza mimi, na taa alizoziona nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, kwa sababu zilinichafulia picha."

Aliacha kucheka, akanitazama. "Hilo halibadilishi hesabu, ndugu yangu. Viza imeshatoka, na pesa yake hairudi."

"Najua. Nilitaka ulisikie tu."

Yeye alikuwa mtu mmoja katika duka moja. Watu wa barazani sijawaambia, na bado wanamcheka mavyaa akipita. Nilitaka kumlipa hasara kutoka mfukoni mwangu. Alinirudishia bahasha bila kuifungua. Katika shilingi laki moja na themanini elfu alizopata kwa sindano yake, arobaini na sita elfu na mia tano hazikurudi.