Eda Haimo Kwenye Orodha

Nikienda nyumbani Handeni na watu wakaniuliza kazi yangu, huwa nasema nashughulika na wastaafu. Nikitamka tu kwamba ni afisa wa mafao katika halmashauri ya mji, kule Korogwe, wanaanza kunibana habari za kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, na kikokotoo sikukitunga mimi. Kazi yangu ni majalada. Dereva, karani, mhudumu wa zahanati, mfagizi wa soko, wote wakikaribia kustaafu wanapita mezani kwangu. Nahakikisha michango yao imefika kwenye mfuko wa pensheni, nawajazia madai, na wakishaondoka tunaonana kila mwaka kwenye uhakiki, wanapokuja kuthibitisha kwamba bado wako hai. Wanakuja wamependeza. Wapo wanaopiga pasi suti waliyovaa kwenye harusi ya mtoto. Mtu anaweka vidole kwenye mashine, anaitazama kamera, mashine inalia kidogo, nami namwambia, "Hongera mzee, uko hai." Huo ndio utani wangu wa miaka yote. Wanacheka bado, au wananionea huruma.

Kati ya wastaafu wangu alikuwepo mama mmoja aliyefagia soko na stendi. Nilipoajiriwa nilimkuta kazini. Asubuhi nikipita pale, yeye ameshamaliza upande wa mboga, ufagio wa chelewa uko begani, na ndiye aliyenifundisha pale ofisini nani nimsalimie mapema na nani nimwache kwanza anywe chai. Jalada lake la kustaafu nililiandaa mwenyewe, kwa heshima. Siku ya kuchukua barua alikaa akaniambia anahamia Magoma kwa mumewe, kwenye nyumba waliyoijenga katika kiwanja cha ukoo wa mume. Hawakujaliwa mtoto wa kiume. Binti yao wa pekee ameolewa Kabuku, ana kibanda cha machungwa kando ya barabara kuu.

"Mwanangu," alisema, "shamba ni la ndugu za mume wangu, na kiwanja ni chao. Changu mimi ni hii pensheni. Ndiyo itakayoniweka pale nisiwe mzigo wa mtu."

Sikulitilia sana maanani neno lile. Siku ya kuchukua barua kila mstaafu husema maneno mazito.

Mwaka huu uhakiki ulipoanza, badala yake alikuja mkwewe kutoka Kabuku, mtu mzima mwenye aibu, kofia mkononi. Baba mkwe alikuwa amefariki. Mama yuko eda. Nilimpa pole, kisha nikaona alichonijia. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Kwa kina mama wa kwetu maana yake ni ndani: hatoki, hajipaki manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Uhakiki ungefungwa kabla eda haijaisha, na mstaafu asiyehakikiwa pensheni yake hukatika yenyewe, bila mtu yeyote kuikata.

"Dada, hamna njia?" mkwe aliuliza. "Mke wangu na mama yake wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Nimlete yeye?"

"Na vidole navyo vimefanana?"

Akaitazama kofia yake. Nilijuta kumtania, maana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta njia, nami ndiye niliyepaswa kuijua.

Eda naijua. Baba alipofariki, mama yangu alikaa ndani kule Handeni, na mimi ndiye niliyekuwa namwingizia maji ya kuoga, maji tuliyoyanunua kwa dumu kwa sababu bomba lilikuwa limekauka kama kawaida yake. Nakumbuka alivyokuwa akisikiliza nje. Mwenye baiskeli akipita, mama anajua ni nani. Watu husema mjane amefungwa, lakini mama yangu aliniambia eda ndiyo iliyomshika asianguke, kwamba angeachiwa kwenda sokoni wiki ile angepotea njia. Kwa hiyo sikuwa na ubishi na eda ya yule mama. Ubishi wangu ulikuwa na mashine.

Kwenye mfumo, mstaafu asipofika, unatakiwa uchague sababu. Zimepangwa pale: mgonjwa, yuko nje ya nchi, yuko gerezani, amefariki. Basi. Nilipandisha nikateremsha nikidhani eda imejificha mahali. Haimo. Aliyeiandika orodha ile alimkumbuka hata mfungwa, ila mjane hakumkumbuka.

Nikapiga simu makao makuu ya mfuko. Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti ya upole sana, na upole ule ndio ulionichosha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa kabisa, dada yangu. Ila mfumo haukubali."

"Wewe je, unakubali?"

"Mimi nakubali. Mfumo ndio haukubali."

Mkuu wangu nilipomweleza alicheka akasema asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya watu kwenye sinia la wali, yeye akaileta kwenye pensheni ya mjane. Nilikasirika nikatoka bila kuaga. Baadaye nilirudi, kwa sababu mashine ilikuwa chini yake na ruhusa ya kutoka nayo ni yeye wa kuitoa.

Njia iliyobaki ilikuwa ni hiyo ya "mgonjwa". Mgonjwa hufuatwa nyumbani na mashine, bora pawe na barua ya daktari. Nikampigia yule mama, mkwe akiwa ameniachia namba. Nikamwambia, mama, tuseme presha. Nani hana presha?

"Mimi si mgonjwa," alisema. "Kaburi la mume wangu bado bichi, nianze kujiombea maradhi? Niko eda. Waambie niko eda."

Nikamwambia mkuu wangu hivyo hivyo. Sijui ni kunionea huruma au ni kuchoka na uso wangu, lakini alinisainia niichukue mashine kwa siku moja, bila gari na bila mafuta. Nikapata nafasi kwenye gari la chanjo lililokuwa linaelekea Magoma, nikakaa nyuma kati ya makasha ya barafu, mashine mapajani. Nilikuwa na furaha njia nzima. Nakiri hivyo, maana sikuwa nimepata nafasi nyingi za kufurahi katika kazi ile.

Kabla ya safari nilimuuliza shehe mmoja pale mjini, ili niende nimejikamilisha. Alinijibu bila kusita: mjane mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana, amalize shida yake, arudi alale nyumbani kwake. Nikaliweka neno hilo akiba.

Nyumba ilikuwa safi, uwanja umefagiliwa kwa mistari ile ile ya sokoni. Sijui alifagia nani, maana yeye alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, amekonda. Kando yake alikaa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, bibi wa maneno machache na macho mengi.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akanishika mkono akaushikilia. Nikawasha mashine. Vidole vyake vilikuwa vimefutika alama kwa miaka ya mpini wa ufagio, ikabidi nivifute kwa kitambaa chenye maji, tujaribu cha shahada, tujaribu gumba, mpaka mashine ikakubali. Nikampiga picha. Kilichobaki ni kutuma. Nikabonyeza, ikazunguka, ikazunguka, ikaandika hakuna mtandao, na kila kitu kikafutika. Ndivyo ilivyotengenezwa: isipotuma papo hapo, haihifadhi, eti kuzuia udanganyifu.

Nikasogea dirishani. Nikapanda kwenye kiti. Tukarudia vidole upya, mlangoni kwa ndani, mkono wangu mmoja ukiwa nje na mashine. Hamna. Nikatoka uani kumuuliza jirani mtandao unapatikana wapi, akanionyesha mashine ya kusaga, kule barabarani, penye benchi lililojaa wanaume wanaosubiri unga na habari. Pale ulikuwepo, umejaa tele. Ni hatua chache tu, hata kwa mtu mzima. Lakini vidole viko ndani na mtandao uko nje, na mimi katikati nimesimama kama mlinzi wa geti.

Nikarudi ndani nikatoa akiba yangu. Nikasema shehe ameruhusu. Nikaeleza dharura, mchana, kwenda na kurudi, tunamfunika vizuri, natembea naye mimi.

Wifi ndiye aliyejibu. "Huyo shehe wako ana kaburi hapa?"

Nilimtazama mama mwenyewe. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya upande wa kanga nyeupe. Mashine ya kusaga ilikuwa inasikika. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo ainuke.

"Mwanangu, dini imeruhusu, nimekusikia," alisema hatimaye. "Lakini nikitoka leo nikapita mbele ya lile benchi, mpaka nakufa nitakuwa mjane aliyevunja eda kwa ajili ya hela. Na watakaosema hivyo ndio ninaoishi kwenye kiwanja chao. Watapata sababu. Wacha nisiwape."

"Mama, na pensheni ikikatika?"

"Ndiyo maana nilimtuma mkwe wangu akuulize kama hamna njia."

Wifi aliinuka akatuletea uji. Nilikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Gari la chanjo lilipiga honi, nikaaga, na nyuma ya gari, kati ya yale makasha, nililia kwa hasira. Sikuwa na hasira na wifi, wala na shehe, wala na yule dada mpole wa makao makuu. Kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Uhakiki ukafungwa. Pensheni ikakatika. Niliandika barua, nikaandika nyingine, nikajibiwa kwamba suala limepokelewa. Mkwe alikuwa akinipigia kutoka Kabuku, nami nikawa napokea simu yake huku nimesimama, sijui kwa nini, kama mtu anayengoja kuadhibiwa.

Siku alipotoka eda, safari yake ya kwanza ilikuwa ofisini kwangu. Aliingia na binti yake, amevaa kitenge kipya, amepaka mafuta. Nyuma yao mlangoni kulikuwa na furushi na godoro lililofungwa kwa kamba. Nikaweka vidole vyake kwenye mashine. Mtandao ulikuwepo, mashine ikalia mara ya kwanza tu. Utani wangu sikuutoa. Kwenye skrini paliandikwa: imesitishwa, inasubiri uamuzi wa makao makuu.

"Na godoro, mama?"

"Naenda kwa huyu, Kabuku."

Binti aliangalia pembeni. Mama ndiye aliyenieleza, bila uchungu, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Bila pensheni hakuweza kumlipa mtu wa kumlimia. Shemeji walimlisha, walimlisha vizuri, mpaka mavuno yakapungua. Kisha wifi akamwambia kwa upole aende kwa mwanawe akapumzike. Kwetu mtu hafukuzwi, huambiwa akapumzike. Nyumba ameiacha na ufunguo kwa wifi.

"Eda niliikaa yote," alisema. "Hakuna wa kuninyooshea kidole. Wameniaga vizuri."

Nilimwambia pensheni itarudi, na malimbikizo yake. Nikamwambia nimeshaandika, nitaandika tena, asubiri. Nilijisikia nikisema kwa sauti ya yule dada wa makao makuu, sauti ile ile ya upole.

Nilimbebea godoro mpaka stendi. Wakati binti anapatana na kondakta, yule mama aliinama akaokota ganda la ndizi lililokuwa karibu na mguu wake, akazungusha macho kutafuta pipa. Pipa lilikuwa limehamishwa. Akabaki nalo mkononi.

"Kusubiri nakujua, mwanangu," aliniambia. "Kule ndani nilikuwa nahesabu siku, na ile ya mwisho naijua ni ipi. Sasa hii eda yenu ninyi, inaisha lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikalichukua lile ganda mkononi mwake ili apate kupanda.