Jina la Mpima Mvua

Kwa miaka ishirini na mitatu, kila siku saa tatu kamili asubuhi, Agnella wa kijiji cha Mbingu alitoka nyuma ya nyumba yake, akamimina maji ya kipima mvua kwenye mrija wa kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, akaandika. Aliandika siku aliyomzika mumewe. Aliandika akiwa na malaria, jirani amemshika bega. Hakuajiriwa na mtu. Watu wa hali ya hewa walimfundisha, wakamwachia chombo na daftari, naye akawa anawatumia namba kwa simu. Kijijini walimwogopa kidogo, maana ukimwambia jana imenyesha sana, atakuuliza sana ndiyo ngapi.

Januari moja alifika Fulgensi, mwenye ofisi Kibaoni, aliyekuwa amejenga vibanda vya wageni chini ya mlima, mbele kidogo ya Mbingu. Alimwamkia kwa adabu, akaeleza kwamba watu wa mijini siku hizi wanapanga likizo, na jambo la kwanza wanaloulizia ni hali ya hewa. Agnella alifurahi. Tangu aanze kupima, hakuna aliyewahi kuja mpaka kwake kuulizia namba zake. Alimpikia wali na perege, akamtolea madaftari yote, wakakaa siku mbili wakinakili. Juni na Julai asubuhi zina baridi, alimwambia, mgeni abebe sweta. Agosti na Septemba ni kukavu, njia zote zinapitika. Oktoba jua linachoma na moshi wa mashamba unajaa bonde. Aprili asithubutu kuleta mtu: mvua inapita milimita mia nne na bonde lote linageuka ziwa. Fulgensi aliandika yote, akashukuru, akaondoka.

Wiki ya Pasaka, gari moja aina ya Noah ilizama kwenye tope hatua chache kutoka mlangoni kwa Agnella. Ndani alikuwamo Justin, fundi umeme wa Dodoma, na mkewe Rosemery, na mama yake Justin, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyeteremshwa mvuani ili gari lisukumwe. Agnella aliwaingiza jikoni, akakoka moto, akampa bibi nguo kavu. Mvua ilipiga bati hata ikawabidi wasemezane kwa kupaza sauti. Aliwauliza nani aliyewatuma kuja huku Aprili, tena na mtu mzima.

Rosemery akampa simu asome. Ulikuwa ukurasa wa vibanda vya Fulgensi. "Aprili: manyunyu mepesi jioni, jua la kutosha mchana. Takwimu za Mama Agnella, mpima mvua wa Mbingu."

Agnella alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Agnella ni mimi."

Rosemery alimtazama mkwewe anayetetemeka, akamgeukia Agnella. "Kumbe ni wewe uliyetuleta."

Agnella alirudisha simu, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Asubuhi alipima: milimita themanini na sita. Akatia daftari kwenye mfuko wa nailoni, akapanda bodaboda mpaka Kibaoni, akaingia ofisini kwa Fulgensi na tope mpaka magotini.

Fulgensi alimpa kiti, akamwomba asikasirike. Aprili vibanda vinakaa vitupu, alisema, na yeye hakudanganya, alilainisha tu.

"Umelainisha kwa jina langu," Agnella akasema. "Kwangu amelala bibi wa watu anakohoa. Kama ulitaka kusema uongo, ungeusema kwa jina lako."

Fulgensi akaahidi kurekebisha ukurasa, mtandao ukitulia. Agnella akajibu kwamba atausubiri, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Wakaingia wanakwaya watatu kuulizia nafasi za mwanzoni mwa Mei. Agnella akafungua daftari, akawasomea Mei za miaka mitano, siku kwa siku, mpaka wakatazamana na kuaga. Akaja mwingine, akamsomea naye. Evelina, binti wa mapokezi, aliinamisha kichwa asionekane anacheka. Kabla ya adhuhuri mtandao ulikuwa umetulia. Fulgensi alilifuta jina la Agnella mbele ya macho yake. Manyunyu mepesi aliyaacha palepale, akasema ukurasa ni wake.

Noah ilivutwa na trekta siku ya nne. Bibi alikuwa amepata nafuu. Rosemery, baada ya kuonyeshwa daftari, aliomba radhi, na Agnella akaipokea bila maneno mengi. Hasira yake haikuwa ya kumgawia kila mtu.

Njia ilipokauka alimwita Ponsiano, fundi wa kuchora mabango, naye akamwandikia ubao mkubwa kando ya barabara, miezi yote kumi na miwili, kila mmoja na mvua yake, na chini jina lake kamili. Penye Aprili paliandikwa kwa rangi nyekundu: Usije. Fulgensi alimshitaki Agnella kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwuliza ni namba ipi ya uongo. Fulgensi akaaga, akaondoka.

Ubao umesimama mpaka leo, na wapo madereva wanaousoma wakageuza gari. Fulgensi akipita hapo hushusha kioo na kusema shikamoo. Agnella huitikia marahaba, maana salamu hainyimwi mtu. Neno karibu hampi.